Nzi Iliyoitwa Siioni

Mwezi uliopita mjukuu wangu alinipeleka sokoni Kariokor, hapa Nairobi, kununua viatu vya tairi, maana miguu yangu haikubali tena viatu vya dukani. Tulipopita upande wanakochinjia kuku, niliona rundo la manyoya limetupwa karibu na mtaro, na juu yake shingo ya jogoo mwekundu. Manyoya ya shingo hiyo yalikuwa marefu, membamba, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Mkono wangu ukaenda wenyewe. Nikainama, nikachomoa nyoya moja, nikalizungusha kwenye kidole nione nyuzi zake zinasimama vipi.

"Shosh, unaokota nini?" Mjukuu akanivuta leso. "Hiyo ni takataka. Watu wanakucheki!"

"Waache wacheki," nikamwambia. "Hii ni daraja la kwanza."

Hakuelewa, na sikumlaumu. Kabla na wewe hujanicheka, rafiki yangu, kaa nikueleze. Kuna wakati hapa hapa Eastlands, wanawake walikuwa wakikaa mchana kutwa wakifunga nzi. Si nzi wa chooni. Ni ndoano ndogo ya kuvulia samaki, ambayo unaivika manyoya na nywele za mnyama na uzi mpaka ifanane na mdudu. Wazungu wenye raha zao huko ng'ambo huirusha majini kwa kamba, na samaki, kwa tamaa yake, huidhania chakula. Sisi tulikuwa tunafunga, wao wanavua. Samaki mwenyewe hatukuwahi kumwona. Tulimjua kwa nzi zake tu, kama vile unavyomjua jirani kwa nguo anazoanika.

Kiwanda chetu kilikuwa nyumba ya mawe ya vyumba vitatu, nyuma ya soko, bati lake limeshika kutu. Sisi tulikaa Shauri Moyo, mimi na nyanya yangu, ambaye kwa lugha yetu ya Ukambani nilimwita susu. Chumba chetu kilikuwa kimoja, kitanda kimoja, jiko la makaa mlangoni. Asubuhi nilikwenda shule, na saa sita nikitoka nilivuka njia na mabomba ya maji mpaka kiwandani, nimebeba chupa ya chai na viazi vitamu vya susu. Nilikisikia kiwanda kabla sijakiona. Wanawake ishirini wakikata uzi kwa mkasi, katakata hiyo, ungedhani panzi wamevamia shamba la mtu.

Majina yao bado ninayo yote. Darasani sikukaa sana, lakini jina la mtu likiniingia halitoki. Upande wa dirisha alikaa Mama Mwende, akafuata Mama Kioko mwenye mdomo, Wanjiru wa Bahati, Akinyi mrefu na Akinyi mfupi, Mama Zainabu, Nduku, Wairimu mwenye mwanya, na wengine hadi mlangoni. Nikifumba macho nakwambia nani alikuwa akipiga mluzi na nani alikuwa akisinzia. Nzi nazo zilikuwa na majina yake ya Kizungu kwenye kadi, ambayo hatukuyasoma, kwa hiyo wanawake walizipa yao. Ile nyeusi yenye kola nyeupe ilikuwa Mchungaji. Ile nyeupe yenye kishungi ilikuwa Bibi Harusi. Kuna moja ya kahawia, tumbo nene, waliiita Karani.

Susu alikaa kiti cha kwanza, chini ya dirisha kubwa, na kiti hicho hakikuwa cha kukaa tu. Kiwanda kilikuwa na desturi yake. Nzi mpya ikiletwa kutoka ng'ambo, ile sampuli haikupitishwa mkono kwa mkono, isije ikachakaa. Ilipewa mwanamke mmoja, yule mzee wa kazi, naye akaifunga moja iliyo sawa nayo. Hiyo aliyoifunga ndiyo iliitwa mama. Wengine wote waliifuata mama, si sampuli. Mama ikitoka vizuri, nzi elfu zilitoka vizuri. Mama ikiharibika, basi ni familia nzima imeharibika. Susu ndiye aliyekuwa akifunga mama, tangu kabla sijazaliwa. Ukitaka kujua heshima yake, wanawake waliokuwa wakigombana hadi juu ya kivuli cha dirisha hawakuwahi kumgombania kiti kile.

Na kiti kile ndicho kilitulisha. Hatukuwa na mtu mwingine.

Sasa, macho ya susu. Yalianza na ukungu, kama kioo cha dirisha ukipumulia. Mwanzo alisema ni moshi wa makaa. Baadaye akaacha kusema kitu. Kufunga hakukumsumbua, maana vidole vyake vilijua njia. Ndoano ilibanwa kwenye chuma kilichofungwa mezani, ambacho fundi seremala hukiita jiliwa na sisi tulikiita vaisi, na akishaigusa hakuhitaji kuiangalia. Alizungusha uzi akihesabu kimoyomoyo, akapima nyoya kwa ukucha, akafunga kichwa, akapaka vanishi. Rangi ndiyo ilimshinda. Nyekundu na kahawia kwake zilikuwa ndugu. Kijani na buluu, pacha.

Hapo ndipo nikaingia mimi. Watoto hawakuruhusiwa kufunga, lakini kuchambua manyoya tuliachiwa, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kuniona nimekaa kwenye kigoda kando yake na vikapu miguuni. Yeye akinyoosha mkono, mimi natia nyoya la rangi inayotakiwa. Akiuliza "lipi?" kwa sauti ya chini, namwambia. Mtu akipita tunaongea habari za sukuma wiki. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na mwaka huo ndio nilianza kutoroka shule kabla ya saa sita, na mwaka uliofuata sikurudi kabisa. Sikunung'unika. Ilikuwa kazi nzuri kuliko hesabu.

Kitu kingine lazima nikwambie ndipo uelewe kosa langu. Kule nyuma ya kiwanda kulikuwa na mama aliyepika rangi. Alikuwa na masufuria makubwa juu ya mafiga, moshi wake unachoma pua, na mikono yake ilikuwa ya zambarau hadi kwenye viwiko. Hata kanisani alikwenda hivyo. Huyu mama akimaliza kupika manyoya hakumwaga maji ya rangi. Mtaa mzima ulimletea nguo zilizopauka. Sweta za shule, sketi, hata koti la mtu la harusi. Watoto wa Shauri Moyo tulikuwa na sweta za kijani ambazo zilishakufa na kufufuka mara tatu. Na kila mtoto alijua sheria ya mpika rangi: usimwambie nguo ilikuwa rangi gani, maana watu husahau. Fungua pindo. Ndani ya pindo, jua halijafika. Rangi utakayoikuta humo ndiyo ya kweli.

Basi siku moja ikaja nzi mpya.

Msimamizi aliileta ndani ya kiberiti. Alikuwa mwanaume mrefu, wa kwetu Ukambani, mpole, ambaye ndiye aliyejua kusoma barua za Kizungu. Siku hiyo alikuwa amevaa koti na viatu vya safari, kwa sababu alikuwa amefiwa na baba mdogo na alikuwa na haraka ya kwenda kuzika.

"Mama," akamwambia susu, "hii si ya mtoni kama zile nyingine. Hii ni ya bahari. Kuna samaki wa mifupa mingi, mweupe kama fedha, wanamtafuta sana. Nifungie mama yake, hawa waanze. Nikirudi nitawaeleza mengine."

Akaondoka. Hayo mengine ndiyo yalikuwa muhimu, lakini maiti haingoji.

Susu akakifungua kile kiberiti kwa vidole, akaiweka nzi kiganjani. Ndoano yake ilikuwa nzito, ya chuma kisichoshika kutu. Shingoni ilikuwa na macho mawili ya duara, yaliyokatwa kwenye mnyororo ule mdogo wa shanga unaofungia kizibo cha sinki. Nywele zake zilikuwa chache, zimelala upande wa ncha ya ndoano, tofauti na nzi zote tulizozijua.

Mama Kioko akanyoosha shingo. "Hiyo imefungwa na mlevi. Nywele ziko tumboni! Igeuze, mama, uwasaidie."

Na Wairimu akasema ndiyo, na Nduku akasema ndiyo. Wote walikuwa na macho mazima. Susu aliishika ile nzi kwa mkia, akaiacha ining'inie, akaipuliza kidogo, akaipima uzito kwa kidole cha kati.

"Haigeuzwi," akasema. "Hayo macho ni mazito, na yako mgongoni. Ikiingia majini itapinduka yenyewe, ncha itatazama juu, na nywele zitaifunika. Chini kuna kitu hawataki ndoano ikishike. Mawe, au mchanga. Aliyefunga hii hakuwa mlevi hata kidogo."

Mama Kioko akarudisha shingo. Nakumbuka nilivyojisikia, kifua mbele, kama ni mimi niliyesema.

Kisha akaniinamia. "Rangi?"

Nikaiangalia. Ilikuwa haina rangi. Ilikuwa kama kitu kilichosahauliwa dirishani. Nywele si nyeupe, si kahawia, si njano. Tumbo lake, hivyo hivyo. Nikafikiri: hii imesafiri mbali, imepigwa jua, imepauka. Nikachukua sindano ya kuchambulia, nikainua zile nywele pole pole pale zilipofungwa, nikachungulia chini ya uzi. Na humo ndani, mahali jua halijafika, kulikuwa na pinki. Pinki safi, kali, kama ufizi wa mtoto.

"Pinki, susu," nikamwambia.

"Yote?"

"Yote. Imepauka tu juu. Ndani ni pinki."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Akaweka mkono wake kwenye goti langu. Halafu akaniambia niende kwa mpika rangi nikalete mkia wa mbuzi wa pinki, ule mpya kabisa. Mpika rangi akanipa, akasema hajawahi kupika rangi iliyokubali vile. Kabla ya saa kumi mama ilikuwa imefungwa, imekaa kwenye kizibo cha chupa mbele ya wote, inawaka. Wanawake wakaipenda. Akinyi mfupi akasema angekuwa samaki angeimeza na vidole vya mvuvi. Kwa siku tatu kiwanda kizima kilifunga pinki. Meza zilikuwa pinki, sakafu pinki, Mama Zainabu alikwenda nyumbani na pinki kwenye nyusi.

Msimamizi alirudi siku ya nne, ndevu hazijanyolewa. Aliangalia trei ya kwanza, akaangalia ya pili. Alitoka nje, akarudi na beseni nyeupe ya bati. Alikuwa ameteka mchanga pale walipokuwa wakijenga, mchanga mweupe mweupe wa kuchekecha, akautandaza chini ya beseni na kumimina maji hadi nusu. Akaiweka mezani, akatuita sote.

"Kina mama, sogeeni. Huyu samaki anakula kwenye maji ya kufika gotini, juu ya mchanga, jua linawaka. Ni muoga kuliko kuku wa kienyeji. Akiona kivuli, anatoroka. Sasa tazameni."

Akachukua ile sampuli kutoka kwenye kiberiti, akaidondosha. Ikapinduka, kama susu alivyosema, ikazama. Na ikapotea. Wanawake ishirini wakainama juu ya beseni wakaitafuta.

"Iko wapi?"

"Si ile pale?"

"Hiyo ni changarawe, wewe!"

"Imeyeyuka," Mama Kioko akasema, na watu wakacheka sana. Msimamizi akatikisa beseni kidogo, macho yale mawili ya shanga yakamemeta, ndipo tukaiona, na akiacha kutikisa haionekani tena. "Hiyo ndiyo wanayotaka," akasema. "Uduvi mdogo anayejificha."

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshaelewa. Haikuwa imepauka. Mtu alikaa mahali akahangaika mpaka akaipata rangi ile isiyo rangi, na ile pinki ya ndani ilikuwa uzi tu wa kushikilia, wa kuipa joto kidogo kama damu chini ya ngozi. Pindo halikuwa pindo.

Msimamizi akachukua moja yetu. Akaidondosha.

Ilikaa pale juu ya mchanga kama peremende. Kicheko kikakatika. Kila mmoja, kwa aibu, alikuwa akihesabu za kwake.

Susu alikuwa mbele kabisa, mahali pa mzee. Mkono wake ulikuwa begani kwangu. Yeye alisikia maji yakifanya chubwi mara ya kwanza, akasikia watu wakitafuta na kucheka, akasikia sifa. Akasikia chubwi ya pili, na kimya.

"Na hii, Mama," msimamizi akauliza, kwa heshima, maana susu ndiye aliyeifunga ile mama. "Unaionaje? Unaiona?"

Nilikuwa na nafasi. Nimeifikiria nafasi hiyo miaka mingi na naweza kukuambia urefu wake: ni kama kuvuta pumzi mara moja. Ningeweza kumbana mkono. Tulikuwa tukibanana mikono kwa mambo madogo kuliko hayo. Lakini nilikuwa nimeshikwa na ile pinki, nikiiangalia, nikifikiria kipigo changu tu.

Susu akainama juu ya beseni. Alichukua muda wake, kama mtu anayetafuta kwa makini. Kisha akainua uso, anatabasamu.

"Hata!" akasema. "Siioni. Imepotea kabisa."

Nilisikia matone ya bomba la nje. Msimamizi alivua kofia yake, sijui kwa nini, akaishika kifuani kama bado yuko mazishini. Susu akageuza uso kuelekea kwangu, na tabasamu likaondoka polepole, si kwa hasira, ni kama mtu anayetoa vyombo mezani. Halafu akaingiza mkono ndani ya beseni. Akapapasa mchanga kwa ncha za vidole, akaikuta ile nzi, akaitoa bila kujichoma, maana alijua ncha imetazama wapi. Akaipima shingo, akaipima nywele.

"Kufunga kuko sawa," akasema. "Rangi nilikosea mimi."

"Siku tatu!" Mama Kioko akalipuka. "Siku tatu tumemfuata kipofu!"

"Na wewe mwenye macho mawili uliyaweka wapi?" Mama Mwende akamjibu kutoka dirishani. "Si uliona pinki, ukafunga pinki?"

"Niliambiwa nifuate mama!"

"Basi nyamaza, umefuata."

Hivyo ndivyo ilivyokwisha. Msimamizi hakuwa mtu mbaya. Alisema Mama apumzike kwanza nyumbani, macho yaangaliwe, na sote tulijua maneno hayo yana maana gani. Wanawake wakatoa nyembe wakaanza kukata zile nzi zote, kuokoa ndoano. Mimi nilimshika susu mkono tukavuka mabomba mchana, saa ambayo hatukuwa tumezoea kurudi. Watoto walikuwa wakicheza kati ya nyumba. Sikuwa nimejua kwamba mtaa wetu una kelele kiasi kile wakati wa mchana.

Alipika muthokoi jioni hiyo, kama siku nyingine. Ile harufu ya mahindi yaliyotwangwa na maharagwe bado huniletea chumba kile. Tulikula. Nilikuwa nangoja anipige, au anilaani, angalau aniulize kwa nini. Aliposhiba akakaa na sahani mapajani.

"Sasa niambie," akasema. "Ilikuwa rangi gani?"

"Niliinua nywele nikaona ndani..."

"Sikuulizi ndani. Nilipokifungua kiberiti, kabla hujafikiri kitu. Uliona nini?"

Nikafikiria. Nikamwambia ilikuwa kama vumbi la njia yetu saa saba, wakati jua liko juu na hakuna aliyelikanyaga bado. Na ukiinamisha kichwa, ina wekundu kidogo, kama kiganja cha mtu.

Akatikisa kichwa, muda mrefu.

"Ungeniambia hivyo," akasema, "ningeifunga."

Halafu akaweka sahani chini, akaniambia jambo ambalo mpaka leo sijalisikia kwa mtu mwingine, kwa hiyo nadhani lilikuwa lake mwenyewe: "Anayeona kwa niaba ya mwenzake asifikiri kwa niaba yake. Akishafikiri, wamekuwa vipofu wawili."

Kesho yake nilikwenda kiwandani kuchukua mkasi wake na kigoda. Nikamkuta mpika rangi amekaa katikati ya masufuria, amekata tamaa. Alikuwa amejaribu kuipata rangi ya sampuli kwa majani ya chai, maganda ya vitunguu, na rangi zake zote. Kila kilichotoka kilikuwa na rangi ya kupiga kelele. Nikarudi nyumbani nikamweleza susu. Akacheka, mara ya kwanza tangu siku ile. "Mwambie rangi ya kupauka haipikwi," akasema. "Inaanikwa. Ile mikia ya pinki wanayotaka kutupa, waichemshe na magadi, waitundike juani."

Walifanya hivyo. Uwanja wa kiwanda ulikuwa mdogo na wenye kivuli, kwa hiyo mikia ililetwa Shauri Moyo, ikatundikwa kwenye kamba zetu za nguo, katikati ya mashuka na nepi. Kwa wiki nzima ndevu za pinki zilipepea mtaani, na wapita njia wakiuliza kama tumemnyoa shetani. Kila adhuhuri nilitoka nikaziangalia, nikarudi ndani nikamweleza susu zimefika wapi. Leo ni kama ulimi. Leo ni kama chai ya maziwa mengi. Siku ya saba nikamwambia ni vumbi, na wekundu wa kiganja, na akasema basi, zitoeni, jua lisizidi.

Mama Mwende ndiye aliyefunga mama mpya, akaifunga vizuri. Msimamizi aliidondosha katika beseni, ikapotea, ikapelekwa ng'ambo, na nasikia walizitaka nyingine na nyingine. Kiwanda kilimletea susu sukari, sabuni na shukrani. Kiti hawakumletea. Baada ya mwezi msimamizi alikuja kwetu, akakaa kitandani maana hatukuwa na pengine, akaniomba mimi. Nilikuwa mdogo wa umri lakini vidole vilikuwa tayari. Susu akanipa mkasi wake.

Nilifunga nzi kwenye meza ile mpaka nikaolewa, na baada ya kuolewa, na baada ya kuzaa. Nyingi zilikuwa hizo za samaki wa mifupa. Na wanawake, ambao hawaachi kitu kipite bila jina, walikuwa wameshaipa jina lake siku ile ile ya beseni. Waliiita Siioni. "Leo unafunga nini?" "Siioni." "Nipitishie trei ya Siioni." Wasichana wapya waliokuja hawakujua jina lilitoka wapi, wakadhani ni sifa ya nzi. Sikuwahi kuwaeleza. Nilifunga Siioni maelfu, na kila moja nilipoikata uzi nilisikia sauti ya susu.

Kiwanda kile hakipo. Nyumba ya mawe ilivunjwa, pakajengwa ghorofa la maduka, mimi na wengine tukatawanyika. Nasikia kazi yenyewe bado iko mahali fulani mjini, watu wengine, meza nyingine. Mpika rangi alizikwa na mikono yake ya zambarau. Mama Kioko alifuata, na Mama Mwende, na Akinyi wote wawili, mwaka mmoja. Katika wale ishirini, ninayejua yuko hai ni Wairimu, na mwanya wake umepanuka hadi hakuna meno ya kuutenganisha. Shauri Moyo nayo inabadilika. Kule kwenye kamba zetu wameegesha magari.

Lakini kitu ninachokikosa si kiwanda. Susu aliishi miaka tisa baada ya siku ile, na mwishoni hakuwa akiona hata mlango. Kila jioni niliporudi kutoka kazini, kabla sijavua viatu, aliniuliza: umeona nini? Nami nilimwambia. Sikumwambia niliyofikiri. Nilimwambia mama anayeuza samaki wa kukaanga amevaa kitambaa cha rangi ya ndizi iliyoiva sana. Mvua imeacha maji mlangoni kwa jirani, na ndani ya maji kuna anga na kandambili moja. Mtoto wa pale kona ameng'oka jino. Yeye aliyapanga kichwani, na siku nyingine aliniuliza maswali. Kandambili ya kushoto au ya kulia? Mtaa huo aliujua kuliko mwenye mtaa. Na mimi, kwa kuulizwa hivyo kila siku miaka tisa, nilizoea kutembea nikiangalia, kwa sababu kuna mtu ananingoja.

Bado naangalia. Macho yangu ni mazima, daktari mwenyewe amesema, ni ajabu kwa umri huu. Narudi nyumbani jioni nikiwa nimejaa vitu nilivyoona njiani, nakaa, navua viatu, na watu wa nyumba yangu ni wazuri sana, wananiuliza kama nimekula.